Tuniki ya maleba: kitambaa na bitana huchaguliwa siku moja

Tuniki nyingi za jukwaani huharibika kabla mkasi haujafunguliwa. Kitambaa kizuri kinanunuliwa, kinakatwa, kinashonwa, halafu mwishoni inatafutwa bitana yoyote yenye rangi inayokaribiana. Vazi likifuliwa mara ya kwanza, pindo linavutwa juu, kifua kinajaa mikunjo midogo midogo, na mvaaji akiinua mkono vazi zima linapanda naye. Ukifumua na kuvitazama peke yake, kitambaa ni kizima na bitana ni nzima. Tatizo ni kwamba viwili hivi havikuwahi kujaribiwa pamoja. Mwongozo huu unavichagua kwa pamoja, toka dukani hadi kwenye pindo.

Tuniki inayozungumziwa hapa ni kanzu fupi yenye mikono, ya kuvaliwa kwa kupitishwa kichwani, inayoishia kati ya paja na chini kidogo ya goti, na mara nyingi hufungwa mshipi. Ina badani mbili (ya mbele na ya nyuma), mikono miwili, vikwapa viwili (vipande vya mraba vinavyokaa chini ya kwapa), taharizi za pembetatu zinazoongeza upana chini, na kaba ya shingoni (kipande cha kumalizia ukingo wa shingo).

Anza na kazi ya vazi

Jiulize mvaaji atafanya nini. Anayekaa kwenye kiti cha enzi na anayepigana kwa panga za mbao hawawezi kuvaa kitambaa kimoja. Mfalme anahitaji uzito: gramu 280 hadi 350 kwa mita ya mraba, kitambaa kinachoanguka kwa mikunjo mirefu na kutulia pale anapotulia. Mpiganaji au mcheza ngoma anahitaji gramu 150 hadi 220, kitambaa kinachopitisha hewa na kisichopasuka kwenye mshono. Piga hesabu ya uzito kabla ya kununua. Mita 3 za mraba za kitambaa cha gramu 320 ni karibu kilo nzima, na bitana ya gramu 80 inaongeza robo kilo. Mtu atakayeubeba mzigo huo saa mbili chini ya taa kali anastahili kufikiriwa mapema.

La pili ni kufua. Vazi la maleba linalowa jasho kila onyesho, kwa hiyo kama litatumika usiku zaidi ya mmoja, chukua kitambaa kinachovumilia maji. Ukilazimika kutumia brokedi (kitambaa cha nakshi zilizofumwa) yenye nyuzi za metali au mahameli ya hariri, mpe mvaaji shati jembamba la pamba la kuvaa ndani, lifuliwe kila siku. Shati hilo linalinda vazi kuliko bitana yoyote utakayoishona ndani yake, kwa sababu bitana huwezi kuivua ukaifua peke yake.

La tatu ni umbali na mwanga. Ukiwa mita 10 kutoka jukwaani, nakshi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba hupotea na kuwa rangi moja yenye ukungu, lakini ukwaruzo wa kitani kinene au sufu ya mistari ya mshazari bado unaonekana kama kina cha rangi. Mbele ya kamera, mistari myembamba iliyobanana hutetema kwenye picha. Nyeupe kabisa hurudisha mwanga mwingi hadi uso wa mvaaji unaonekana mweusi au umefifia, kwa hiyo chagua rangi ya maziwa, au chovya pamba nyeupe kwenye chai nyeusi ya moto hadi ipoe ukali. Nyeusi nayo ina tabia zake: badani ya sufu nyeusi na mikono ya poliesta nyeusi zinaweza kuonekana sawa dukani, kisha jukwaani moja ikawa ya kahawia na nyingine ya samawati. Zitazame chini ya taa zitakazotumika, na kama huwezi, kata vipande vyote kutoka jora moja.

Iwapo kuna mishumaa au mienge ya kweli, usitumie poliesta wala nailoni kwa tuniki pana, kwa kuwa huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Flaneli ya pamba nayo hushika moto haraka kwa sababu ya manyoya yake. Sufu nzito ndiyo salama zaidi, maana huwaka kwa shida na mara nyingi hujizima moto ukiondolewa. Dawa za kuzuia moto zinazopuliziwa kwenye pamba nyingi huondoka kwa kufuliwa, kwa hiyo hurudiwa.

Vitambaa vyenyewe

Sufu ya gramu 250 hadi 350 ndiyo bora kwa tuniki ya zama za kati za Ulaya, kwa sura na kwa ukweli wa historia. Tuniki ya mtu wa Bocksten, maiti ya zama za kati iliyopatikana kwenye kinamasi nchini Uswidi mwaka 1936, na kanzu zilizofukuliwa Herjolfsnes, Greenland, mwaka 1921, ni za sufu na zimepanuliwa chini kwa vipande vya pembetatu. Sufu inatii mvuke: mkunjo mdogo unaobaki begani baada ya kushona unaweza kuupiga pasi kwa kitambaa chenye unyevu hadi ukatoweka, jambo ambalo poliesta haitakuruhusu. Adui yake ni maji ya moto pamoja na kusuguliwa. Vikikutana, nyuzi zinashikana, kitambaa kinakuwa kinene na kifupi, na hakirudi tena. Sufu iliyokwisha kugandamizwa hivyo kwa makusudi, ile ya joho, ina faida moja kubwa: kingo zake hazichambuki, na pindo la vazi la mkulima unaweza kuliacha limekatwa tu.

Kitani cha gramu 150 hadi 200 kinafaa joto na jasho. Kinajikunja sana, na hilo kwa mtumishi au msafiri ni pambo, kwa mfalme ni aibu. Kinarudi (yaani kinapungua) kwa asilimia 4 hadi 10 kama hakijawahi kufuliwa, kwa hiyo usikikate kikavu kutoka dukani.

Kama ni tuniki yako ya kwanza, chukua drili ya pamba ya gramu 200 hadi 260. Haitelezi mezani, inashika chaki, inapokea rangi, na makosa ya mshono yanafumuliwa bila kuacha matundu. Marikani nayo ni ya lazima, kwa sababu ndiyo ya kukatia vazi la majaribio kabla hujagusa kitambaa cha gharama.

Mahameli ni kisa kingine, nayo inahitaji uangalifu toka siku ya kwanza. Manyoya yake yamelala upande mmoja. Pitisha kiganja: upande mmoja kinateleza, upande mwingine kinakwama. Manyoya yakielekea juu, rangi inakuwa nzito na yenye kina. Yakielekea chini, inang'aa na kupauka. Uamuzi ni wako, ila vipande vyote vikatwe vikielekea upande mmoja, la sivyo badani ya mbele na ya nyuma zitaonekana za rangi mbili. Kwa sababu huwezi kugeuza vipande ili kubana nafasi, ongeza robo ya kiasi cha kitambaa. Ukiipiga pasi juu ya meza ngumu manyoya yanalala na hayaamki. Laza chini kipande kingine cha mahameli hiyo hiyo, manyoya juu, weka vazi manyoya yakitazama yale ya chini, kisha pitisha mvuke bila kukandamiza. Mahameli ya pamba hunywa mwanga. Ya poliesta nyembamba huumeta, na kutoka mbali huonekana kama plastiki.

Satini na brokedi zina nyuzi ndefu zilizolala juu bila kufungwa, na mshipi, ala ya upanga au hata ukucha huzichomoa. Tumia kwenye kaba, mkanda wa pindo na ncha za mikono. Ukitaka vazi zima la brokedi, acha akiba ya mshono (kitambaa kinachobaki nje ya mstari wa mshono) ya sm 2.5 na uiungie bitana kwa njia ya kulaza, itakayoelezwa chini. Vitambaa vya kuvutika kama jezi viache kabisa: taharizi hujinyonga, na pindo huwa la mawimbi.

Usipojua kitambaa kimetengenezwa na nini, chomoa nyuzi chache za urefu na chache za upana, zishike kwa kibano juu ya sahani ya maji, uziwashe. Pamba na kitani huungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua na kuacha donge linalovunjika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha ushanga mgumu. Jaribu nyuzi za pande zote mbili, kwani mchanganyiko wa pamba kwa urefu na poliesta kwa upana ni wa kawaida mno.

Bitana: inahitajika kwa kazi gani?

Usiweke bitana kwa mazoea. Ina kazi nne tu: kuzuia ukwaruzo ngozini, kuficha mishono inayochambuka, kufanya vazi liteleze juu ya nguo ya ndani, na kuzuia kitambaa chepesi kuonyesha mwili. Kama tuniki yako ya kitani haihitaji hata moja kati ya hizo, iache bila bitana, umalizie kaba na kukunja mishono yake ndani. Vazi litakuwa jepesi na litakauka usiku mmoja.

Kwa kazi nyingi nusu ya bitana inatosha: toka mabegani hadi chini ya kifua, pamoja na mikono. Hapo ndipo jasho na msuguano vilipo. Sehemu ya chini, ambako taharizi zinatakiwa kupepea, inabaki huru.

Kanuni inayozuia hasara nyingi ni hii: bitana iwe nyepesi kuliko kitambaa cha nje, na ikubaliane nacho katika maji na moto wa pasi. Gramu 70 hadi 100 hutosha. Melimeli au bafta nyembamba ya pamba hunywa jasho na inafaa chini ya kitani na pamba, lakini hushikana na shati la ndani na kufanya mkono ukwame. Viskosi (kitambaa laini cha nyuzi zitokanazo na mbao) hupitisha hewa na kuteleza vizuri, ila hurudi inapolowa, na nguvu yake hupungua ikiwa na maji, kwa hiyo isikamuliwe kwa kusokotwa. Aseteti ina mng'ao mzuri lakini jasho huiacha na madoa na kwapani huchakaa mapema. Tafeta ya poliesta ni imara na hairudi, ila hufungia joto, na chini ya sufu katika hewa kavu hujaa umeme wa msuguano na kung'ang'ania miguuni.

Hakuna sheria inayosema bitana iwe ya aina moja. Mpangilio unaofanya kazi vizuri kwa tuniki ya sufu ni pamba nyembamba kwenye badani na viskosi inayoteleza kwenye mikono. Kifua kinapumua, na mkono unaingia bila kuvuta shati hadi kwenye kiwiko.

Jaribio la mraba mmoja

1. Kata mraba wa sm 30 wa kitambaa na mwingine wa bitana. Katika kila mmoja weka alama ya sm 25 kwa sm 25 kwa uzi wa rangi. Chaki itaondoka na maji.
2. Fua vyote kama vazi litakavyofuliwa, kausha, piga pasi, kisha pima. Kila nusu sentimita iliyopungua ni asilimia 2.
3. Linganisha. Tofauti ikizidi asilimia 2, fua vipande vizima mara mbili kabla ya kukata, au badili bitana. Asilimia 3 kwenye badani ya sm 105 ni zaidi ya sm 3, na hizo sm 3 ndizo zitakazolivuta pindo lako juu.
4. Shona miraba miwili pamoja pande tatu kama mfuko, geuza, ingiza mkono.

Hatua ya nne usiiruke. Funga ngumi ndani ya mfuko na uizungushe taratibu. Bitana nzuri inateleza juu ya ngumi huku kitambaa kikitulia juu yake. Bitana inayokwama utaiona mara moja: vikunjo vidogo vinatokea juu kwenye vifundo vya vidole na kitambaa kinafuata kila unapogeuka. Sasa fungua kiganja na kisimamishe mbele ya taa. Ukiona kivuli cha akiba ya mshono kupitia kitambaa, bitana ina rangi kali mno au kitambaa ni chepesi mno. Chukua bitana ya rangi iliyo karibu na ngozi ya mvaaji au ya kitambaa chenyewe. Mwisho ukunjue mfuko, uufinye kwa nguvu ukihesabu hadi 10, uuachie. Mikunjo inayobaki hapo ndiyo itakayoonekana nyuma kila mvaaji akisimama kutoka kitini.

Kiasi cha kununua

Tuseme kifua ni sm 100 na urefu kutoka bega hadi goti ni sm 105. Ongeza sm 20 za nafasi ya kupumua na kusogea, upate sm 120. Kila badani ni sm 60, na pamoja na akiba ya mshono ya sm 1.5 kila upande ni sm 63. Urefu wa kukata ni sm 110. Mikono ni sm 63 kwa sm 50.

Kitambaa cha upana wa sm 150 kikirudi kwa asilimia 5 kinabaki na sm 142. Badani mbili zikae ubavu kwa ubavu, sm 126; mkanda wa sm 16 unaobaki pembeni unatoa vikwapa viwili vya sm 15 kwa sm 15. Chini yake mikono miwili inachukua sm 100, na sm 42 zinazosalia zinatoa taharizi moja nzima katikati na nusu mbili ubavuni, ambazo zikiungwa ni taharizi ya pili. Jumla ni sm 173, na pamoja na kurudi ni kama sm 182, kwa hiyo nunua mita 2. Ukitaka taharizi nyingine mbele na nyuma, nunua mita 2.5. Kwa upana wa sm 115 badani hukaa moja moja: nunua mita 3. Kaba inahitaji kipande cha ziada cha sm 35 kwa sm 35. Bitana ya vazi zima huchukua kiasi sawa na kitambaa.

Kukata na kushona

Fua kitambaa na bitana vizima, na pia mikanda ya mapambo. Mkanda wa nakshi usiofuliwa ukirudi baadaye huikusanya ncha ya mkono kama mpira.

Kata kwa kufuata uzi wa urefu, sambamba na ukingo wa jora. Bitana ikiteleza mezani, laza karatasi chini yake, ibane kwa pini pamoja na karatasi, ukate vyote viwili. Bitana ya badani ya nyuma iongezwe sm 2.5 katikati, zikunjwe kuwa pleti moja iliyoshikwa shingoni tu. Pleti hiyo ndiyo inayofunguka mvaaji anapokumbatia au kuvuta upinde. Bila hiyo, bitana hupasuka kwapani.

Kabla ya kushona, chagua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kulaza: kila kipande cha kitambaa kinawekwa juu ya kipande chake cha bitana, vinapigwa bandi (mshono mrefu wa muda) kuzunguka, kisha vinashonwa kama kipande kimoja. Inafaa brokedi na vitambaa vilivyofumwa kwa ulegevu, kwa sababu bitana ndiyo inayobeba mvutano. Ya pili ni bitana huru: tuniki mbili kamili, moja ndani ya nyingine, zinazokutana kwenye kaba na ncha za mikono tu. Inafaa sufu na mahameli, na mishono yote inafichika.

Kwa sufu na drili tumia sindano namba 90/14 na mshono wa mm 3. Kwa mahameli tumia mshono wa mm 3 hadi 3.5, legeza mguu wa cherehani, na piga bandi mistari miwili kabla, kwani manyoya husukumana na kipande cha juu hutembea. Kwa bitana tumia 70/10, mshono wa mm 2 hadi 2.5, kwa sababu sindano nene huacha matundu na kuvuta uzi mmoja wa upana mzima.

Shona mabega, kisha mapambo yote ya kitambaa cha nje, kisha mikono, vikwapa, taharizi, na mwisho mishono ya ubavu. Taharizi zianze sm 3 hadi 5 chini ya mahali pa mshipi. Zikianzia juu yake, mshipi hukusanya uvimbe kiunoni na ncha ya pembetatu hufumuka. Ncha hiyo iimarishe kwa mraba mdogo wa stifu ya kubandika kwa pasi, upande wa ndani.

Kaba iwe ya kitambaa cha nje, upana sm 5 hadi 6, na bitana ianzie pale kaba inapoishia. Hivyo shingo ikifunguka haionyeshi bitana.

Tundika vazi na bitana yake, kila kimoja peke yake, kwa saa 24 kabla ya kukunja pindo. Pande za taharizi zimekatwa mshazari na hushuka, wakati mwingine sm 2 au zaidi, huku katikati ikibaki pale pale. Sawazisha pindo likiwa limevaliwa na mshipi umefungwa. Pindo la bitana liishie sm 2 hadi 2.5 juu ya pindo la nje, na usiyashone pamoja. Yashikanishe kwa vijinyororo vya uzi vya urefu wa sm 3 kwenye mishono ya ubavu tu.

Likienda vibaya

Vazi linapanda mikono ikiinuliwa: kikwapa ni kidogo, au kimewekwa kwenye kitambaa cha nje na kusahauliwa kwenye bitana. Sm 12 ni chache kwa mpiganaji. Weka 15 hadi 18.

Bitana inachungulia chini ingawa ilikatwa fupi: haikutundikwa, au ni viskosi nzito iliyokunjwa ikiwa na unyevu. Fumua pindo, itundike, ikate upya.

Kaba inajitokeza shingoni: ilikatwa sawasawa na shingo. Punguza ukingo wa kaba mm 3, kisha shona mstari unaoshika kaba na akiba ya mshono, bila kugusa upande wa nje.

Mshono wa bega unafunguka kwenye kitambaa kizima kisichochanika: nyuzi zinateleza kwa sababu ufumaji ni mlegevu. Kushona tena pale pale kutaongeza matundu. Weka utepe wa pamba wa sm 1 juu ya mshono kwa ndani, shona kupitia huo utepe, na kwa vazi linalofuata la kitambaa hicho laza bitana badala ya kuiacha huru.

Sufu inang'ang'ania miguuni: badili bitana ya poliesta kwa viskosi kuanzia kiunoni kwenda chini. Kwa onyesho la usiku huo huo, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo upande wa ndani dakika chache kabla mvaaji hajapanda jukwaani.